Fahamu: Vichekesho vya mizimu kwa familia

Ni filamu gani?
Ni filamu yenye mizimu, wachawi au majini, iliyotengenezwa ili ichekeshe, na watoto wanaweza kuitazama pamoja na wazazi. Mifano ni Casper (1995) na Hotel Transylvania (2012).

Kwa nini maoni hugawanyika?
Mtazamaji wa kawaida haulizi kuhusu kamera. Anauliza: nilicheka? Mtoto aliogopa? Mwingine husamehe hadithi nyepesi kwa sababu familia nzima imefurahi. Mwingine huona utani umezidi, kitisho kimepwaya.

Je, mahali hubadilisha maoni? Mfano wa Nchelenge
Wilaya hii ya Mkoa wa Luapula, Zambia, iko kando ya Ziwa Mweru. Kibemba, kinachosemwa huko, hutofautisha imipashi, yaani roho za wahenga, na ifibanda, yaani pepo wabaya. Neno moja la Kiingereza, “ghost”, halibebi tofauti hiyo. Kwa hiyo mzimu wa kuchekesha unaweza kumfurahisha mtoto huku mzee akiona wahenga wamefanyiwa mzaha.

Lugha ina uzito gani?
Mkubwa. Tanzania ilimjua Lufufu, na Kenya inamjua DJ Afro, wasimulizi wa filamu za kigeni kwa Kiswahili. Utani ukifika kwa lugha ya nyumbani, kicheko hakichelewi.

Mzazi afanye nini?
Aangalie daraja la umri. Nchini Kenya, GE ni ya watu wote, PG huhitaji uangalizi wa mzazi. Kisha atazame na wanawe.