Chuo kikuu ni jirani yetu, na jirani ana haki zake

Miaka michache iliyopita vijana wawili walibisha hodi kwa shangazi yangu huku Kisauni. Walivaa kadi za chuo shingoni, wakaomba kwa adabu wachote maji ya kisima wakayapime. Shangazi akawakaribisha, akawaandalia chai na mahamri. Wakamuuliza choo kiko umbali gani na kisima, na watoto wa nyumba huharisha mara ngapi. Wakaandika yote, wakashukuru, wakaenda zao.

Hawakurudi tena. Shangazi mpaka leo anaoshea vyombo maji yale yale, na mfereji ukikauka siku nyingi huyapikia. Kila nikimzuru huniuliza, "Mwanangu, wale watoto wa chuo waliyaonaje maji yangu?" Sina jibu la kumpa. Chuo chenyewe sikitaji, maana hapa mjini vyuo na matawi ni mengi, na malalamiko kama haya nimeyasikia mitaa mingi.

Swali la shangazi si dogo. Mombasa visima vingi viko hatua chache tu kutoka kwa vyoo vya shimo, na ardhi yetu ya mchanga na mawe ya matumbawe hupitisha maji upesi. Uchafu wa chooni hufika kisimani bila ya mtu kuuona. Ukichemsha maji unaua vijidudu, lakini kwanza lazima ujue kuwa vimo.

Kwa hivyo leo tuelezane: chuo kikuu kikiwa mtaani kwetu, kinatudai nini na sisi tunakidai nini?

Tuanze na historia. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, hakikuanza kama chuo kikuu. Kilianza mwisho wa miaka ya 1940 kikiitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, wengi wakiijua kwa kifupi MIOME. Miongoni mwa waliochangia ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora, na lengo lilikuwa vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa wote, mwaka 1972 ikawa Politekniki, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 chuo kikuu kamili. Maana yake ni kuwa msingi ule una mchango wa jamii ndani yake. Hatukialiki chuo kwetu kama mgeni.

Hata sasa mtaa unaendelea kutoa. Mimi diploma yangu niliichukua hapo Tudor enzi za Politekniki. Nilikodi chumba kwa mzee mmoja aliyenivumilia kodi ikichelewa, na mama wa mbaazi alinikopesha mpaka pesa za nyumbani zifike. Chuo nacho hurudisha: wenye nyumba hupata wapangaji, wenye vibanda na tuktuk hupata wateja, na vijana wetu hupata kozi fupi na kazi. Hayo ni mema, lakini ni biashara ya kawaida. Elimu yenyewe je?

Hapo sheria imesema wazi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, kifungu cha 3, imetaja malengo ya elimu ya chuo kikuu. Miongoni mwake ni kukuza elimu kwa wanafunzi na kwa jamii kwa jumla, kuwawezesha watu wazima kuendelea kusoma, na kuyafikisha matokeo ya utafiti kwa jamii. Kwa hivyo mtu akirudishiwa majibu ya kisima chake, hajafanyiwa hisani. Ni sehemu ya kazi ya chuo.

Mbona basi hawarudi? Wengi wao si watu wabaya, ila njia yao ya kazi haiwarudishi kwetu. Mwanafunzi hupata alama akiwasilisha tasnifu kwa walimu wake, si akirudi Kisauni. Mwalimu hupandishwa cheo kwa makala katika majarida ya kisomi, tena kwa Kiingereza. Bajeti huwa na nauli ya kuja kuuliza, haina ya kuja kujibu.

Basi sisi wenye mitaa tujue la kuuliza. Mtafiti hapa Kenya anatakiwa awe na leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, na ajulishe wakuu wa serikali katika kaunti kabla ya kuanza kazi. Muombe akuonyeshe leseni hiyo. Utafiti unaohusu watu huwa pia na fomu ya ridhaa. Usitie sahihi kabla ya kusomewa kwa lugha unayoielewa, na ujue una haki ya kukataa, au kuacha katikati. Fomu hiyo kwa kawaida ina simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili iliyopitisha utafiti. Baki na nakala yako. Kisha uliza swali moja: majibu mtatuletea lini, na kwa njia gani?

Kwa walimu wetu wa vyuo nina ombi jepesi. Utafiti ukimalizika, andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili: tulipima nini, tumeona nini, mfanye nini. Ubandikwe msikitini, kanisani na ofisini kwa chifu, kisha mje barazani nusu siku mtueleze. Msimamizi asiipitishe kazi ya mwanafunzi mpaka ukurasa huo ufike mtaani. Dini imetufunza haki ya jirani, na elimu inayonufaisha watu humfuata mwenyewe hata baada ya kufa. Tasnifu iliyofungiwa kabatini itamnufaisha nani?

Majuzi nilimweleza shangazi haya yote, nikamsihi ayachemshe yale maji kwa sasa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wakija wengine chai nitawapa. Lakini na nambari zao nitaziandika."