Mgomo wa Madaktari Unavyovuruga Matibabu na Miadi ya Wagonjwa

Madaktari wa hospitali za umma nchini Kenya walikomesha mgomo wao Mei 8, 2024, baada ya siku 56, chama chao cha KMPDU kilipotia sahihi makubaliano ya kurejea kazini. Kwa mgonjwa aliyepangiwa upasuaji mwezi Aprili, hata hivyo, siku hiyo haikuwa mwisho wa kusubiri. Jina lake lilikuwa sasa katika foleni moja na majina ya waliopangiwa Mei, ilhali vyumba vya upasuaji havikuwa vimeongezeka.

Mgomo haugusi vituo vyote kwa namna moja. Huduma za afya nchini zimegawanywa katika viwango sita. Zahanati, zilizo katika kiwango cha pili, huendeshwa hasa na wauguzi, na vituo vya afya vya kiwango cha tatu hutegemea sana maafisa wa kliniki. Chanjo, kliniki za wajawazito, dawa za kifua kikuu na za kupunguza makali ya VVU zinaweza kuendelea kutolewa huko. Pigo kubwa huangukia hospitali za kiwango cha nne kwenda juu, ambako daktari ndiye anayeamua nani alazwe, nani apasuliwe na nani aruhusiwe kwenda nyumbani. Mwaka 2024 hata afueni ya vituo vidogo ilipungua, kwa kuwa maafisa wa kliniki nao waligoma kuanzia Aprili.

Kinachoahirishwa kwanza ni upasuaji usio wa dharura na kliniki za wataalamu. Neno “usio wa dharura” linaweza kupotosha. Uvimbe unaoweza kungoja wiki mbili huenda usiweze kungoja miezi miwili, na vipimo vilivyofanywa kabla ya upasuaji huenda vikalazimika kurudiwa kwa gharama ya mgonjwa. Mwenye kisukari au shinikizo la damu asiyeonwa na daktari hubaki na dozi ileile hata kama haimfai tena, au huacha dawa pindi karatasi yake inapomalizika. Madhara yake hujitokeza baadaye, wakati ambapo hakuna anayeyahusisha tena na mgomo.

Mama mjamzito aliyewahi kujifungua kwa upasuaji yumo katika hatari ya aina yake, kwani uchungu hauahirishwi. Familia nyingi katika hali hiyo hukimbilia hospitali za binafsi au za mashirika ya dini. Hospitali hizo huelemewa, na gharama yake haimudu kila mtu. Ni busara familia ijue mapema ni hospitali ipi iliyo karibu ambayo chumba chake cha upasuaji kinafanya kazi.

Katiba ya 2010 inatambua haki ya mfanyakazi kugoma katika Kifungu cha 41. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Mwaka 2024 mahakama ilisimamisha mgomo ili pande zote zijadiliane, mgomo uliendelea.

Mzozo wenyewe ulikuwa na mizizi ya zamani. Mkataba wa 2017 ulitiwa sahihi baada ya mgomo wa siku 100 uliomalizika Machi mwaka huo, na madaktari walilalamika kwamba haukutekelezwa kikamilifu. Kubwa zaidi lilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba ulitaja takriban Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikapendekeza Sh70,000 ikitaja uzito wa gharama za mishahara. Wanagenzi hawa hubeba sehemu kubwa ya zamu za usiku, kwa hiyo kuchelewa kupangiwa vituo kulipunguza nguvu kazi wodini hata kabla ya mgomo.

Mwenye miadi iliyopita wakati wa mgomo anashauriwa asisubiri kuitwa. Afike katika idara husika akiwa na kadi ya kliniki, matokeo ya vipimo na orodha ya dawa anazotumia, aombe tarehe mpya, na aeleze wazi ikiwa hali yake imezorota, kwa sababu kipaumbele hutolewa kwa kutazama ugonjwa ulivyo sasa. Kutokwa damu nyingi, kupumua kwa shida, degedege au maumivu makali ya kifua hayahitaji miadi. Mgonjwa apelekwe moja kwa moja katika kitengo cha dharura.