Mahafali ya wachungaji: joho si daraja

Chuo cha Kikristo kinapofanya mahafali, mpita njia hudhani ni harusi. Mahema yamesimamishwa, kina mama wana leso na vigelegele, wahitimu wamevikwa mashada shingoni hadi nyuso hazionekani. Jioni, kijana aliyeondoka asubuhi akiitwa kwa jina lake, mtaa mzima umekwisha kumwita “Mchungaji”. Hapo ndipo panapohitaji maelezo.

Siku ya mahafali chuo hutoa cheti, stashahada au shahada. Maana yake ni kuwa mwanafunzi amesoma Biblia, historia ya kanisa, maadili, uhubiri na malezi ya waumini, akatahiniwa na akapita. Daraja ya uchungaji ni jambo jingine, na hutolewa na kanisa, si chuo. Kwa Waanglikana, askofu humweka mtu kuwa shemasi kwanza, ndipo baadaye awe kasisi. Wamethodisti nao wana kipindi cha majaribio. Kwa hiyo mhitimu anaweza kungoja mwaka mzima au zaidi. Wengine hawapewi daraja kabisa. Huwa walimu, au huhudumia wagonjwa na wafungwa.

Jirani Muislamu ataelewa haraka. Mtoto akikhitimu Kurani chuoni, watu hula na kufurahi, lakini hawi imamu siku hiyo. Hata lugha inatuunganisha: mahafali na hafla yana asili moja ya Kiarabu. Joho nalo twalijua kwa mabwana harusi wetu. Lile la wasomi lilitoka vyuo vya Ulaya vya zama za kati, ambako wasomi wengi walikuwa watu wa kanisa.

Na Pwani ina sehemu yake katika sherehe hizi. Chuo Kikuu cha St. Paul's kilichoko Limuru hakikuzaliwa Limuru. Kilianza mwaka 1903 Frere Town, upande wa Kisauni, katika makazi ambayo wamishonari wa CMS waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Chuo kilihamia Limuru mwaka 1930, Wamethodisti na Wapresibiteri wakajiunga mwaka 1955, na kikapata hati ya chuo kikuu mwaka 2007. Jamaa wanaopanda basi kutoka Mombasa kwenda kumshangilia mtoto wao huko wanafuata njia ambayo chuo chenyewe kiliifuata.

Kwa nini tofauti ya cheti na daraja itushughulishe? Kwa sababu mwaka 2023, huko Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, ya watu waliomwamini mhubiri. Cheti pekee si kinga. Msomi naye anaweza kupotosha. Lakini mtu aliyetahiniwa na walimu, kisha akapimwa na kanisa lake, ana watu juu yake wanaoweza kumwita, kumkanya na hata kumvua madaraka. Muumini ana haki ya kumuuliza mhubiri yeyote maswali matatu: Nani alikufundisha? Nani alikutuma? Nani anaweza kukuondoa?

Basi tusherehekee, kwani miaka ya masomo imekula jasho la wazazi na michango ya waumini. Ila tukumbuke kuwa baada ya pilau huja miezi ya kungoja bila mshahara, na huenda karo bado haijamalizika, cheti kikawa kimezuiliwa ofisini. Anayetaka kumtunza mhitimu apunguze keki, asaidie kulipa deni hilo au amnunulie vitabu. Na jina la “Mchungaji” limngoje mpaka kanisa lenyewe limpe.