Kizuri Kula na Nduguyo: Hadhi ya Mtoto Katika Utoaji wa Misaada

Utangulizi

Kila muhula unapokaribia kufungwa, matangazo hubandikwa katika mabweni na kumbi za vyuo vyetu yakiwahimiza wanafunzi watoe nguo, viatu, vitabu na vyakula kwa ajili ya watoto wenye mahitaji. Wengi huitikia mwito huo. Magunia hujaa, gari hukodiwa, na msafara huelekea kwenye makao ya watoto. Jambo hili ni la kupongezwa. Hata hivyo, ni nadra tujiulize vitu vilivyomo magunianimo vina hali gani, na vitamfaa nani gari litakapokuwa limeondoka. Makala haya yananuia kueleza ni kwa nini kitu anachopewa mtoto mhitaji hakina budi kuwa kizima, safi na chenye kutumika, na vilevile jinsi wakusanyaji wanavyoweza kulihakikisha hilo. Hoja yetu kuu ni kwamba kila msaada una ujumbe: kabla ya kumvisha mtoto, humwarifu jinsi tunavyomthamini.

Maana ya Sadaka na Hisani

Sisi wanafunzi wa lugha yafaa tuanze na maneno yenyewe. Neno sadaka tulilipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia kitenzi sadiki. Maana ya msingi ya mzizi huo ni ukweli. Kwa hivyo sadaka, kwa asili yake, ni tendo linalothibitisha ukweli wa imani na upendo wa mtoaji. Neno hisani nalo lina mzizi mmoja na ahsante, mzizi unaobeba maana ya uzuri na wema. Atendaye hisani hulitenda jambo lake vizuri. Tukizingatia maana hizi, shati lililochanika kwapani ambalo mtu amelitoa kwa kuwa limemjazia kabati ni taka iliyohamishwa. Kuliita sadaka ni kulidhulumu neno.

Mafunzo ya dini yanakubaliana na maana hizo. Kurani, katika aya ya 267 ya Sura ya Al-Baqara, inawakataza waumini kukusudia kutoa vitu vibaya ambavyo wao wenyewe wasingevipokea ila kwa kufumba macho. Katika Biblia, nabii Malaki anawakemea watu walioleta madhabahuni wanyama vipofu, vilema na wagonjwa, na kuwataka wajaribu kumpelekea liwali wao zawadi ya aina hiyo waone kama ataipokea kwa furaha.

Wahenga pia hawakunyamaza. Methali isemayo kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, hutumiwa mara kwa mara kumtetea aliyetoa kitu kibovu. Matumizi hayo yanapotosha. Methali hii inazungumzia kiasi: mwenye kipande kimoja cha sabuni anaweza kuwa mkarimu kumshinda mwenye katoni. Ubovu hauna nafasi ndani yake. Na waliosema kizuri kula na nduguyo walitaja kizuri waziwazi.

Yaliyotoka Gunianimo

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuwa miongoni mwa wanafunzi waliopewa jukumu la kufunga vitu vilivyokusanywa kwa ajili ya makao fulani ya watoto. Katika magunia yale mlikuwa na kiatu cha kushoto kisicho na mwenzake, soksi zilizotoboka visiginoni, kitabu cha Hisabati ambacho maswali yake yote yalikuwa yamejibiwa kwa kalamu ya wino, na suruali kadhaa zisizo na vifungo wala zipu. Tuliviona vyote. Lakini gari lilikuwa likingoja, nasi tulitaka idadi ya magunia isipungue, kwa hivyo tukayafunga hivyohivyo.

Wiki mbili baadaye wawili wetu tulirudi kuchukua sufuria tuliyokuwa tumeisahau. Nyuma ya jikoni palikuwa na rundo la nguo zetu likingoja kuchomwa. Mvulana wa umri wa miaka kumi hivi alikuja kutuamkia. Alikuwa amevaa mojawapo ya suruali zile. Mkono mmoja alitupa tuushike. Wa pili aliushikilia kiunoni ili nguo isimwanguke. Mama mlezi alitukaribisha chai, na tulipokuwa tukiaga alituambia kwa upole, "Asanteni sana, wanangu. Lakini siku nyingine mkija, leteni hata kidogo, bora kivalike."

Kauli ile inafichua gharama ambayo mtoaji haioni. Kitu kibovu husafirishwa kwa nauli ambayo ingenunua kizima. Humpotezea mlezi saa za kuchambua, hujaza ghala dogo, na mwishowe hudai kuni na kiberiti. Gharama kubwa zaidi humwangukia mtoto. Yapo maoni kwamba mwombaji hachagui. Watoto hawa hawakuomba; sisi ndio tuliobandika matangazo kwa niaba yao. Aidha, mtoto hana uwezo wa kukikataa anachopewa na mgeni mbele ya mlezi wake. Atakipokea, atashukuru, na atajifunza kwamba cha kwake ni kile kilichowashinda wengine. Kupata si kwa werevu, na kukosa si kwa ujinga. Mtoto hapaswi kuaibishwa kwa hali asiyoichagua.

Kipimo cha Kinachofaa

Mwaka wa 1996, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu misaada ya dawa. Mojawapo ya kanuni zake ni kwamba pasiwe na viwango viwili vya ubora: dawa isiyokubalika katika nchi ya mtoaji haikubaliki kuwa msaada kwingine. Ingawa kanuni hiyo ilikusudiwa dawa, inafaa kutumiwa kwa kila kitu. Swali la kujiuliza ni jepesi: je, ningempa mdogo wangu wa damu kitu hiki avae kesho mbele ya wenzake? Tuangalie mifano michache.

Kwanza ni mavazi. Nguo zilizotumika zinafaa, kwani Wakenya wengi huvaa mitumba bila haya. Yanayotakiwa ni kwamba ziwe zimefuliwa, zimeshonwa palipofumuka, na zina vifungo. Nguo za ndani, soksi na miswaki sharti viwe vipya. Viatu vifungwe jozi kwa jozi kwa kamba zake. Sare za shule zisinunuliwe kabla ya kuuliza, kwa kuwa rangi ya sweta ya shule moja haikubaliki katika nyingine.

Pili ni vitabu. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka wa 1985, na mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka wa 2023. Vitabu vya kiada vya shule ya msingi vya mfumo huo haviwezi tena kumwongoza mwanafunzi wa Mtaala wa Umilisi darasani. Hata hivyo, kitabu cha hadithi na kamusi havifungwi na mtaala. Hapa wanafunzi wa Kiswahili tuna la kutoa kuliko wengine, mradi kurasa ziwe kamili.

Tatu ni vyakula. Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki nchini, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu waotao katika nafaka isiyokaushwa vyema. Gunia la mahindi yenye unyevu kwa hivyo ni hatari kwa maisha. Tarehe za mwisho za matumizi zisomwe pakiti kwa pakiti. Maziwa ya unga ya watoto wachanga yasipelekwe bila ushauri wa mhudumu wa afya. Matangazo na ugavi wake umewekewa masharti na kanuni ya kimataifa ya mwaka wa 1981 na sheria ya Kenya ya mwaka wa 2012.

Nne ni sodo. Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka wa 2004, na sheria ya mwaka wa 2017 ikaipa serikali wajibu wa kuwapa bila malipo wasichana wa shule za umma waliobaleghe. Pamoja na hayo, pakiti za akiba katika kabati la makao hazijapoteza umuhimu wake. Nazo husahaulika kwa sababu tu wakusanyaji huona haya kuzitaja katika tangazo.

Utaratibu wa Ukusanyaji

Hatua ya kwanza ni kuuliza. Mwakilishi wa chama azungumze na walezi, apewe orodha ya mahitaji, umri wa watoto na saizi za viatu, kisha orodha hiyo ndiyo iandikwe katika tangazo. Hatua ya pili ni kupokea vitu mezani badala ya kuacha sanduku pembeni, kwani mtoaji anayejua kitu chake kitakunjuliwa huchagua kwa makini. Hatua ya tatu ni kuchambua mafungu matatu: vilivyo tayari, vinavyohitaji sindano au sabuni, na visivyofaa. Fungu la tatu libaki kwetu tulitupe wenyewe. Hatua ya nne ni kumkabidhi mlezi vitu hivyo ili agawe faraghani. Picha za watoto wakipokea misaada zisichapishwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, uliozinduliwa mwaka wa 2022 kwa kipindi cha miaka kumi, unalenga kuwarejesha watoto katika familia na jamii zao. Nyanya anayewalea wajukuu watano mtaani naye anastahili kufikiriwa. Huko, hadhi ya mpokeaji ni jambo nyeti zaidi, kwa sababu majirani wanaona.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ubora wa kitu ni sehemu ya sadaka yenyewe, wala si pambo lake. Maana ya maneno yetu, mafunzo ya dini na hekima ya wahenga vinaelekea upande mmoja. Chama kitakachopeleka gunia moja la vitu vizima kitakuwa kimetoa zaidi ya kile kilichopeleka kumi ya kuchomwa. Tunapojiandaa kwa ukusanyaji ujao, tuanze kwa kutafuta sindano, uzi na vifungo, ili mtoto atakayekuja kutuamkia aweze kutupa mikono yake yote miwili.