Kanuni Zile Zile, Seva Tatu

Chukua kanuni mbili tu za ukuta wa moto. Ya kwanza: zuia kila anayegonga lango namba 22, lile linalotumiwa na SSH. Ya pili: ruhusu kompyuta ya msimamizi kupita kwenye lango hilo hilo. Ziandike kwa mfuatano huo kwenye seva ya Linux, ya OpenBSD na ya Windows, kisha jaribu kuingia. OpenBSD itakufungulia. Linux itakufungia nje. Windows nayo itakufungia, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Kwenye Linux, iptables husoma kuanzia juu. Kanuni ya kwanza inayomhusu mgeni ndiyo inayoamua, na zilizo chini yake hazisomwi tena. Programu ya pf, iliyoingia OpenBSD mwaka 2001, husoma hadi mwisho na kufuata kanuni ya mwisho iliyolingana, isipokuwa ulitia neno quick la kuikatisha njiani. Windows haijali mfuatano: penye kuzuia na kuruhusu, kuzuia hushinda. Ukizigeuza kanuni zako juu chini, Linux itafungua, OpenBSD itafunga, na Windows itabaki na msimamo wake.

Ndiyo maana nikiulizwa mfumo upi una usalama zaidi, nami huuliza: fundi wako kazoea upi? Mimi mwenyewe nilitoka kwenye OpenBSD nikaandika kanuni za Linux kwa mkono wa mazoea. Nilipobonyeza Enter, skrini ikanyamaza kimya. Nikafunga safari hadi kwenye chumba cha seva kwenda kufungua kwa kibodi. Siku hizi natumia iptables-apply: inaweka kanuni mpya, inauliza kama bado unaisikia, na usipojibu kwa wakati inarudisha za zamani.

Ndani ya Linux kwenyewe nako watu hawaelewani, safari hii kuhusu programu ipi iguse faili lipi. Familia ya Red Hat huja na SELinux, iliyoanzia kwa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, na kutolewa hadharani mwaka 2000. Hii hubandika lebo kwenye kila faili. Ubuntu hutumia AppArmor, ambayo huangalia faili liko kwenye njia gani. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka siku utakapotengeneza ukurasa kwenye folda yako ya nyumbani na kuuhamishia /var/www/html kwa amri ya mv. Kwenye Red Hat, ruhusa zote ziko sawa, lakini kivinjari kinaonyesha 403. Faili limehama na lebo yake ya nyumbani, na seva ya wavuti haina ruhusa ya kugusa lebo hiyo. Lingenakiliwa kwa cp, lingepata lebo ya folda mpya. Andika ls -Z uione lebo, kisha restorecon uirekebishe. Kazi ya nusu dakika. Wengi hawafiki huko. Wanaizima SELinux yote, eti wataiwasha kesho, na kesho hiyo haifiki.

Windows Server ina jambo moja ambalo watu wa Linux hulazimika kulijenga kwa zana za pembeni kama Ansible: Group Policy. Unabadilisha kanuni mahali pamoja, na kila kompyuta ya mtandao wenu inakuja kuichukua yenyewe baada ya dakika 90, na nyongeza ya nasibu isiyozidi 30 ili zisije zote kwa mkupuo. Lakini kosa nalo husafiri kwa basi hilo hilo. Sahihisho unaweza kuliharakisha kwa gpupdate, alimradi kompyuta bado zinaifikia seva kuu. Kama kanuni uliyokosea ndiyo iliyoziba njia hiyo, sahihisho haliwezi kupita, na utazunguka kwa miguu, mashine moja baada ya nyingine.