Mkimya Si Mwenye Kiburi

Katika ofisi nyingi yupo mfanyakazi ambaye asubuhi husalimu, huketi mezani pake na kushika kalamu. Wenzake humwita mwenye maringo. Yupo na mwingine asiyeweza kuanza kazi kabla hajazungumza na kila mtu. Huyo huitwa mvivu. Mara nyingi wote wawili huwa wameonewa.

Mwaka 1921, Carl Jung, daktari wa maradhi ya akili wa Uswisi, alieleza kitabuni kwamba wako watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea ndani, na wengine huelekea nje, kwa watu na mambo. Wataalamu wa leo huona kuwa wengi wetu tumo katikati ya ncha hizo mbili.

Hasara huonekana mkutanoni. Tuseme karani mkimya wa stoo amegundua kuwa idadi ya magunia hailingani na leja. Wasemaji wakitawala kikao mpaka mwisho, karani ataondoka na jambo lake moyoni, na upungufu utaendelea.

Basi, ndugu kiongozi, gawa ajenda siku moja kabla. Pokea maoni ya maandishi pia. Kikaoni kila mmoja apewe zamu ya kusema, nawe useme mwisho. Msemaji naye mpe kazi ya kupokea wageni, ikiwa ndiko kipaji chake kiliko.

Nawe mfanyakazi, kabla hujamhukumu mwenzako, zungumza naye. Vidole vya mkono havilingani, lakini ndivyo vishikavyo jembe.