Mume na Mke: Kodi Moja au Mbili?

Mshahara wa mama ukifika nyumbani hauji wote. Serikali imekwisha kuchukua sehemu yake. Wengi wetu tunalijua hilo, na wengi huishia hapo. Lakini liko swali ambalo kila mama mwenye ndoa afaa ajiulize: je, kodi hiyo imehesabiwa kwa mshahara wa mama peke yake, au kwa mapato ya baba na mama kwa pamoja? Jibu hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, na tofauti yake huonekana mezani.

Katika nchi nyingi kodi ya mapato hupanda kama ngazi: anayepata zaidi hutozwa asilimia kubwa zaidi. Tuchukue mfano wa kubuni. Shilingi 100,000 za kwanza za mwezi hazitozwi kitu. Shilingi 100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 20. Zinazozidi hapo hutozwa asilimia 30. Baba anapata shilingi 300,000, mama 100,000.

Kila mtu na chake

Njia ya kwanza ni kumtoza kila mmoja peke yake. Mama hatoi kitu, baba anatoa shilingi 50,000. Sweden ilianza kuwatoza mume na mke mbalimbali mwaka 1971, na Uingereza mwaka 1990. Tanzania nayo, kodi ya mfanyakazi hukatwa katika mshahara wake mwenyewe, bila kuuliza mwenzake anapata nini.

Kapu la mume

Njia ya pili ni ya zamani: mapato ya mke huhesabiwa kuwa ni ya mume. Katika mfano wetu, baba ataandikiwa shilingi 400,000 na kodi itakuwa 80,000. Tazama, mama wa watu ameleta 100,000, na kodi ya nyumba imepanda kwa 30,000! Mshahara wake mdogo umetozwa kama wa tajiri, kwa sababu umewekwa juu ya ule wa baba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Uingereza hadi mwaka 1990, ingawa miaka ya mwisho wenye ndoa waliweza kuomba mshahara wa mke utozwe mbali. Sheria ya Kenya iliyoanza kutumika mwaka 1974 ilirithi wazo hilohilo: mapato ya mke anayeishi na mumewe yalihesabiwa kuwa ni ya mume. Baadaye ilirekebishwa, mke akaruhusiwa kutoa hesabu zake mwenyewe.

Kujumlisha na kugawa

Njia ya tatu ni kujumlisha mapato ya wawili, kisha kuyagawa nusu kwa nusu. Kila mmoja atahesabiwa 200,000 na kutozwa 20,000, jumla 40,000. Marekani ilianza mtindo huo mwaka 1948, na Ujerumani mwaka 1958. Ufaransa, tangu mwaka 1945, huwahesabu na watoto: siku hizi mtoto wa kwanza na wa pili huongeza nusu fungu kila mmoja, na kuanzia wa tatu huongeza fungu zima.

Ipi yenye haki?

Kwa haraka mtu atasema ya tatu, maana kodi yake ndiyo ndogo. Lakini tusikimbilie. Kama mama angekaa nyumbani, kodi ya baba kwa njia hiyo ingekuwa 20,000 tu. Basi akienda kazini, kodi ya nyumba inaongezeka kwa 20,000. Kwa njia ya kwanza isingeongezeka hata senti. Yaani kugawa humsaidia zaidi mwenye mke asiye na mshahara, na hupunguza faida ya mke kutafuta kazi. Tena Ujerumani mjane hubakiziwa nafuu hiyo kwa mwaka mmoja tu baada ya mwaka aliofiwa, wakati mzigo wa watoto ungali palepale.

Njia ya kwanza nayo ina lawama zake. Nyumba ambayo baba peke yake anapata 400,000 itatoa kodi 80,000, na jirani zao wanaopata 200,000 kila mmoja watatoa 40,000. Mama anayelea watoto na kuuguza wazee atauliza: je, kazi yangu si kazi?

Kwa hiyo hakuna njia isiyomwumiza yeyote. Kila moja ina wazo lake juu ya ndoa: ya kwanza huona watu wawili, ya pili humwona mume, ya tatu huona nyumba moja.

Kabla hujaacha kazi

Katika nyumba nyingi husemwa kwamba mshahara wa mama huliwa na kodi, nauli na msichana wa kazi, heri akae nyumbani. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Chukueni karatasi za mshahara za wote wawili, mkae mezani, mpige hesabu. Mahali ambapo kila mtu hutozwa peke yake, mshahara wa baba hauongezi kodi ya mama hata kidogo.

Na angalieni jambo moja zaidi. Nauli na malipo ya msichana wa kazi hutolewa daima katika mshahara wa mama, kana kwamba watoto ni wake peke yake. Yagaweni kwa wote wawili, kisha ndipo mwamue.